Dini ya Kaya Imeandikwa Wapi?

Anayetaka kusoma kwa kina jinsi Waduruma wa Kwale wanavyofikiri kuhusu uchawi, uganga na miiko ya nyumbani hana budi kwanza ajifunze Kijapani. Mwanaanthropolojia Hamamoto Mitsuru alianza utafiti wake kati ya Waduruma miaka ya 1980, akarudi kwao si mara moja tu bali tena na tena, kisha akaandika vitabu viwili vikubwa. Kimoja kilitoka 2001, kingine 2014, vyote viwili Japani na kwa Kijapani. Mwanafunzi wa Kyoto anaweza kuingia maktaba ya chuo chake akasoma mjadala mpana juu ya waganga na watsai (wachawi) wa bara ya Kwale. Kijana wa Kinango, ambaye pengine babu yake alikuwa mmoja wa waliohojiwa, hawezi.

Hali hiyo inachekesha kidogo, lakini ndiyo sura ya swali zima. Kuna watu wengi sasa wanaotaka kuijua dini ya wahenga wa Pwani ya Kusini kabla na kando ya msikiti na kanisa: habari za Mulungu, za koma, yaani marehemu wa ukoo, za mizimu ya mapango na mibuyu, za fingo, kinga iliyozikwa katika kaya, makazi ya kale ya msituni, za ngoma za kupunga pepo. Wako vijana wa Ukunda na Msambweni waliolelewa kati ya madrasa na shule ya Kiingereza wakahisi kuna sura moja waliyorukishwa. Wako waongoza watalii wa Diani wanaoulizwa maswali na wageni kila siku na kujibu kwa kubahatisha. Wako wanafunzi wa vyuo, na wako Wakenya wa ughaibuni ambao hawana mzee wa kumwendea. Wote huanza na swali moja: nisome nini, nimuulize nani?

Jibu la barazani huwa jepesi. Mambo haya hayakuandikwa, nenda kwa wazee. Jibu hilo limekosea pande zote mbili. Yameandikwa, tena mengi kuliko watu wanavyodhani, ila yameandikwa mbali na yanahusu zaidi watu wa upande mwingine wa Mombasa. Na wazee si maktaba iliyo wazi saa zote. Wana kanuni zao za nani aambiwe nini, na kanuni hizo ni sehemu ya dini yenyewe.

Tuanze na maandishi. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa 1844, na miaka miwili baadaye akaanzisha kituo Rabai pamoja na Johannes Rebmann. Wamethodisti wakaja Ribe 1862. Kutoka vituo hivyo viwili ndiko kulikotoka karibu kila kitu cha mwanzo kilichoandikwa juu ya watu walioitwa wakati huo Wanyika, yaani Mijikenda wa leo: kitabu cha safari cha Krapf, kilichotoka kwa Kiingereza 1860, kitabu cha Charles New cha 1873, ambacho kina kurasa nyingi juu ya kaya, mazishi, viapo na ngoma ya siri ya wazee, kamusi ya Kinyika iliyotokana na kazi ya Krapf na Rebmann, iliyochapishwa 1887, na mkusanyo wa maneno na habari za Kigiriama wa W. E. Taylor wa 1891. Vitabu hivi ni vikuukuu kiasi kwamba haki zake zimekwisha, na nakala zake zilizopigwa picha zinapatikana bure kwenye maktaba za intaneti. Mtu mwenye simu na bando anaweza kumsoma New jioni ya leo.

Lakini Rabai na Ribe ziko kaskazini na magharibi ya Mombasa. Wamisionari walikaa huko, wakajifunza lugha za huko, na waliposema Wanyika walikuwa na Warabai, Waribe na Wagiriama vichwani. Kusini ya Likoni, kwa Wadigo, Uislamu ulikuwa unaenea, na kanisa lilipata nafasi ndogo. Upungufu huo wa karne ya 19 haujafidiwa hadi leo. Katika karne ya 20 Wagiriama waliandikwa na afisa wa kikoloni Arthur Champion, ambaye maelezo yake yalihaririwa na kuchapishwa 1967, kisha na David Parkin katika vitabu viwili maarufu, cha 1972 na cha 1991. Cynthia Brantley akaandika juu ya vita vyao na Waingereza, ambamo Mekatilili wa Menza ndiye nyota. Hata kwa Kiswahili mambo yalikwenda hivyo hivyo. Ronald Ngala, kabla hajawa mwanasiasa mkubwa wa Pwani, alichapisha "Nchi na Desturi za Wagiriama" mwaka 1949, na William Frank akatoa "Habari na Desturi za Waribe" mwaka 1953. Vijitabu hivyo ni lulu: vimeandikwa na wenyeji, kwa lugha ya wenyeji, kwa wasomaji wenyeji. Mdigo wa kizazi kile aliyeandika kitabu chenye umaarufu kama huo hakutokea.

Matokeo yake yanaonekana kila siku. Kijana wa Msambweni akitafuta kwenye simu yake dini ya asili ya Mijikenda, ataletewa vigango. Nguzo hizo za mbao zilizochongwa kwa ajili ya marehemu wa chama cha gohu zimekuwa maarufu duniani, kwa sababu nzuri na mbaya. Wezi waliziiba makaburini na kuziuza Marekani kwa mamia, na utafiti wa Monica Udvardy, Linda Giles na John Mitsanze, uliochapishwa 2003, ulifichua njia ya biashara hiyo hadi makumbusho kadhaa yakaanza kuzirudisha, za kwanza mwaka 2007. Ni habari kubwa na inastahili kusomwa. Lakini desturi ya vigango ilistawi hasa kwa Wagiriama na jirani zao wa kaskazini. Mdigo anayesoma hapo akaamini kuwa amesoma habari za babu yake amepewa babu wa mtu mwingine. Vivyo hivyo nabii Mepoho, anayesimuliwa kuwa alitabiri kuja kwa wazungu kisha akazama ardhini: ni simulizi ya Wagiriama, na uzuri wake hauifanyi kuwa ya Wadigo wa Kinondo.

Kwa hiyo swali la kwanza la kukiuliza chanzo chochote ni: hizi ni habari za kaya gani? Makabila tisa ya Mijikenda yanashirikiana mengi, lugha zao zinasikilizana, na hadithi kuu ya asili ni moja. Hata hivyo kuwachukulia kama kitu kimoja ni jambo la juzi. Mwanahistoria Justin Willis, katika kitabu chake cha 1993 juu ya Mombasa na Mijikenda, ameonyesha kuwa utambulisho huo wa pamoja ulipata nguvu katika enzi ya ukoloni, na chama cha Mijikenda Union kilianza 1945. Anayesoma maandishi ya 1860 kwa kutumia ramani ya makabila ya 1945 atapotea.

Hadithi kuu yenyewe, ile ya Shungwaya, ndiyo darasa bora la jinsi ya kusoma vyanzo. Inajulikana na kila mtu: wahenga waliishi kaskazini, upande wa Somalia ya leo, wakagombana na Wagalla baada ya kijana wa Kigalla kuuawa, wakakimbia kusini, Wadigo wakitangulia, wakajenga kaya juu ya vilima ndani ya misitu, na katika kila kaya wakazika fingo walilokuja nalo. Mmarekani Thomas Spear aliikusanya kwa kuwahoji wazee, akaijengea hoja ya kihistoria katika "The Kaya Complex", kitabu kilichochapishwa Nairobi 1978, na baadaye akachapisha masimulizi yenyewe katika kitabu cha pili. Hicho cha pili husahauliwa, nacho ndicho chenye thamani zaidi kwa mtu anayetaka kuwasikia wazee wakisema badala ya msomi kusema juu yao.

Kabla ya Spear kuchapisha, mwanahistoria mwingine, R. F. Morton, alikuwa ametia mchanga kitumbua. Katika makala ya 1972 alidai kwamba Shungwaya haimo katika yale Mijikenda waliyowaambia wamisionari kwa sehemu kubwa ya karne ya 19. Imeanza kuonekana, alisema, kuelekea mwisho wa karne hiyo na baada yake, wakati ambapo kuwa na asili moja ya mbali kulikuwa na faida ya kisiasa. Upande wa pili ukatoa "Kitabu cha Wazenji", tarehe ya Kiarabu iliyochapishwa na Mwitaliano Enrico Cerulli mwaka 1957, ambayo inaitaja Shungwaya na watu waliofukuzwa na Wagalla. Wenye shaka wakajibu kuwa nakala zake si za kale sana nazo. Wanaisimu wakaongeza lao: lugha za Mijikenda ni ndugu wa Kiswahili, Kipokomo na Kikomoro, na undugu huo unaelekea kaskazini. Halafu akaja mwanaakiolojia Richard Helm, ambaye utafiti wake wa mwaka 2000 katika pwani ya kati na kusini ya Kenya ulikuta makazi ya wakulima wafua chuma yanayorudi nyuma hadi milenia ya kwanza, bila dalili ya watu kuhama wote na wengine kuja mahali pao katika karne ya 16 au 17.

Nani mkweli? Msomaji mvivu ataamua kuwa Shungwaya ni uongo, au ataamua kuwa wasomi ni maadui. Usomaji wa busara zaidi unawezekana. Inaelekea baadhi ya watu walikuja kweli, wakakuta wengine, na hadithi ya waliokuja ikawa hadithi ya wote kwa sababu ndiyo iliyobeba fingo. Hadithi ya asili kazi yake si kuhesabu wahamiaji. Inaeleza kwa nini kaya ni takatifu, kwa nini mzee fulani anakaa mbele ya mwingine, na kwa nini Mdigo anaitwa mkubwa. Martin Walsh alipitia ushahidi uliokuwapo hadi wakati huo katika makala ya 1992, na anayetaka kuanzia mahali pamoja aanze hapo.

Watu wa Ireland wanaufahamu mtego huu vizuri. Miungu yao ya kale inajulikana leo kupitia miswada iliyoandikwa na watawa wa Kikristo, mmojawapo wa iliyobaki ukiwa wa karibu mwaka 1100, karne nyingi baada ya Ireland kubatizwa. Hadithi yao ya asili, inayosimulia jinsi kundi baada ya kundi lilivyovamia kisiwa, ilitungwa kwa namna iliyounganisha Waairishi na Nuhu wa Biblia. Kwa hiyo anayetaka dini safi ya Ireland kabla ya Ukristo huikuta tayari imevaa kanzu ya mtawa. Isitoshe, vitabu vya kisasa vimeongeza chumvi: kalenda ya miti ambayo maelfu huiamini kuwa ya Waselti wa kale ilibuniwa na mshairi Robert Graves katika kitabu cha 1948. Mwenye kusoma kazi ya Mark Williams ya 2016 kuhusu miungu hiyo ataona jinsi msomi makini anavyotenganisha kilichorithiwa na kilichotungwa jana. Waandishi wa Pwani wangeweza kuiga namna hiyo ya kufanya kazi.

Kwa upande wa kusini, vyanzo ni vichache lakini vipo, na vingine vizuri mno. Vya zamani zaidi vinahusu Wavumba wa upande wa Vanga na Wasini: A. C. Hollis aliandika historia yao mwaka 1900, na T. A. Dickson mwaka 1921 akaeleza vifaa vya enzi vya madiwani wao. Hapo mtu anaona jinsi utawala, siwa, ngoma na nguvu zisizoonekana vilivyokwenda pamoja katika mji wa Waislamu. Habari za Wadigo za H. M. T. Kayamba, Mwafrika aliyeandika upande wa Tanganyika, zilichapishwa 1947; ikumbukwe kuwa Wadigo wako Tanga pia, na mpaka wa Lunga Lunga haukuwagawa kwa koma zao. Luther Gerlach alimaliza tasnifu juu ya jamii ya Wadigo katika Chuo Kikuu cha London 1960, na ndiyo inayoeleza kwa upana ukoo wa upande wa mama, urithi kutoka kwa mjomba, na jinsi sheria ya Kiislamu ya mirathi ilivyougonga mfumo huo. Bila kuelewa ukoo, habari za koma hazieleweki, maana koma ni watu wa mtu: ni marehemu wenye jina, wanaodai kukumbukwa.

Kuna makala moja ambayo ingepaswa kujulikana Diani nzima. Roger Gomm aliichapisha 1975 juu ya kupandwa na pepo kwa wanawake wa Kidigo. Alichoona ni wanawake wasio na sauti nyumbani ambao pepo anapopanda hupata sauti: pepo anataka nguo, anataka ngoma, na mume analipa. Alionyesha pia kuwa mchezo huo una mwisho wake, kwa sababu nguvu ya kuomba kupitia ugonjwa ni nguvu ya mnyonge. Linda Giles, aliyefanya utafiti kwenye vilinge vya pwani ya Kenya na Tanzania, aliwapinga 1987 wale waliopunguza pepo kuwa malalamiko ya wanyonge. Alikuta humo watu wenye hadhi, elimu na mpangilio wa kidini uliokamilika. Ukisoma Gomm bila Giles utadhani pepo ni ujanja wa kudai leso. Ukisoma Giles peke yake utasahau nani anayelipa ngoma. Wasomwe pamoja, na baada yao mtu akaiangalie ngoma ya kayamba yenyewe inapopigwa usiku kucha, kama ataalikwa.

Halafu kuna David Sperling, ambaye tasnifu yake ya 1988 katika chuo cha SOAS inafuata kuenea kwa Uislamu kati ya Mijikenda kutoka 1826 hadi 1933. Mtafuta dini ya asili anaweza kuiruka akidhani haimhusu, na kumbe ndiyo inayomhusu kuliko zote. Kwa Mdigo, dini ya kaya na Uislamu zimekaa nyumba moja kwa vizazi. Wazee wa kaya wengi wa Kinondo, Diani, Tiwi au Waa ni Waislamu. Sadaka inayofanywa msituni inaweza kuwa na dua ya Kiarabu. Mganga anaweza kutumia uaguzi wa mburuga asubuhi na kombe la aya za Kurani jioni, na pepo wenyewe wana makabila na dini zao. Anayetaka kuchuja Uislamu wote ili apate Udigo mtupu atabaki na mkono mtupu, kwani hakuna mtu aliyekuwepo na kalamu kabla ya mchanganyiko kuanza. Kwa upande wake, anayesema kuwa yote hayo ni ushirikina ulioingia kwa makosa anafuta historia ya Uislamu wenyewe katika pwani hii.

Chanzo kimoja hakitarajiwi kabisa. Mwaka 2004 shirika la kutafsiri Biblia, BTL, lilichapisha "Mgombato", kamusi ya Chidigo, Kiingereza na Kiswahili, iliyotungwa na Joseph Mwalonya, Alison Nicolle, Steve Nicolle na Juma Zimbu. Lengo la mwisho lilikuwa Agano Jipya kwa Chidigo, lakini ili kufika huko ilibidi waandike maneno ya kila kitu, na humo mna maneno ya maisha ambayo mahubiri hayakuyapenda. Hapo tena watu wa dini mpya wamekuwa makarani wa ile ya kale. Kazi inayokwenda sambamba nayo ni ya Mohamed Pakia juu ya elimu ya mimea ya Wadigo, tasnifu iliyotoka kuwa kitabu mwaka 2006. Mganga hafanyi kazi bila miti, na anayejua mti upi unaitwaje na unachimbwa vipi ameshaingia nusu ya mlango. Ni jambo la kutia moyo kwamba uchunguzi bora juu ya elimu hii umefanywa na mtu wa pwani hiyo hiyo.

Maneno ya Chidigo na Chiduruma ndiyo pia kipimo rahisi cha kutambua kitabu kibovu. Mwandishi anayetafsiri Mulungu, koma, mzimu na pepo kwa neno moja la roho hajawauliza watu wa kutosha. Kitabu cha Alice Werner cha 1933 juu ya ngano za Wabantu, ambacho kiko bure kwenye intaneti na hunukuliwa sana, kinaruka kutoka Wazulu hadi Wapokomo katika kurasa chache. Werner alikuwa msomi hodari, alifika Afrika Mashariki mwenyewe na alijua lugha zake. Hata hivyo kitabu hicho ni cha kuonjea, hakitoshi kumfundisha mtu dini ya mahali pamoja.

Sasa wazee na misitu. Kaya zilianza kutangazwa rasmi kuwa turathi za taifa mwaka 1992, na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya yakaunda kitengo cha kuhifadhi misitu ya pwani chenye ofisi Ukunda na Kilifi. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya kadhaa katika orodha ya urithi wa dunia. Kutoka upande wa kusini zimo Kaya Kinondo ya Wadigo na kaya za Waduruma za Gandini na Mtswakara. Mwaka 2009 desturi zenyewe zikaingizwa katika orodha ya urithi usioshikika unaohitaji kulindwa haraka. Majalada ya maombi hayo yako wazi kwa yeyote na yana ramani, historia na maelezo ya miiko. Yasomwe kwa makini kidogo, kwani yaliandikwa kushawishi kamati, na kwenye karatasi ya aina hiyo kila kitu hupangika vizuri kuliko kilivyo.

Kaya Kinondo ndiyo rahisi kufikia. Iko karibu na hoteli za Diani, ina ukubwa wa hekta 30 hivi, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wenyeji wamekuwa wakiwatembeza wageni kwa malipo. Mgeni hufungwa nguo nyeusi kiunoni, huambiwa asichukue hata jani, huonyeshwa miti ya dawa na husimuliwa Shungwaya. Kwa muda wa saa moja mtu hujifunza mengi juu ya miti na adabu. Kinachosimuliwa kwa wageni, hata hivyo, kimechaguliwa. Mahali fingo lilipo haonyeshwi mtu, sala za wazee hazifanywi kwa ratiba ya watalii, na kaburi halielezwi kwa kila mpita njia. Watafiti wageni wamezoea kuuita ukimya huo upungufu wa habari. Ukweli ni kwamba dini yenye ngazi huficha ngazi za juu, na anayeambiwa kila kitu siku ya kwanza ajue hajaambiwa kitu.

Kuna sababu nyingine ya ukimya, ya karibu na yenye uchungu. Tarehe 13 Agosti 1997 washambuliaji walivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua polisi, na vurugu zikaenea kusini. Ripoti zilizofuata, pamoja na ile ya Human Rights Watch ya 2002, zilieleza jinsi vijana walivyokuwa wamelishwa viapo na kufunzwa msituni, na jina la Kaya Bombo likaingia katika siasa ya taifa kama jina la maficho. Tangu hapo mtu anayeuliza wazee wa Kwale habari za viapo na kinga anaweza kutazamwa kama askari kanzu, na si bure. Juu ya hilo, wazee katika Kwale na Kilifi wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, mara nyingi na jamaa zao wenyewe na mara nyingi kukiwa na shamba nyuma ya tuhuma. Mzee anayekubali kurekodiwa akieleza mitishamba na koma, kisha video yake ikawekwa mtandaoni na mjukuu mwenye nia njema, amewekwa hatarini. Makala za Diane Ciekawy juu ya utsai na serikali, hasa ile ya 1998, zinaeleza jinsi tuhuma hizo zilivyofungamana na madaraka tangu ukoloni. Zisomwe kabla ya kumwashia mzee kamera.

Video za namna hiyo zimejaa siku hizi. Baadhi ni nzuri: ngoma ya sengenya ikipigwa na wanaoijua, au mzee akitaja majina ya kaya za jirani kwa mpangilio. Nyingine ni hadithi za kuungaunga, zenye Misri ya kale, majini ya Oman na nyota za mbali ndani ya sentensi moja. Huhitaji shahada kuzitenganisha. Msimulizi asiyetaja mahali, ukoo wala mtu aliyemfundisha, na ambaye Mijikenda wake hawana tofauti kati ya Kinango na Malindi, huyo anatunga. Utungaji ni halali yake, lakini usiitwe urithi.

Nyaraka za serikali nazo hazijamalizwa kuchunguzwa. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa mjini Nairobi ina vitabu vya kumbukumbu za maafisa wa wilaya ya Kwale, ambamo waliandika kila walichoambiwa juu ya kaya, ngambi (mabaraza ya wazee), viapo na mipaka. Mara nyingi walioambia walikuwa wazee waliokuwa wanagombea ukuu au ardhi, kwa hiyo ukoo wa msemaji huonekana mrefu kuliko wa jirani yake. Maktaba ya Fort Jesus, Mombasa, ni karibu zaidi na ina mengi ya vitabu vilivyotajwa hapa. Kwa makala za majarida, maktaba kubwa za mtandaoni kama JSTOR humruhusu msomaji asiye na chuo kujisajili na kusoma idadi fulani bure kila mwezi. Gomm, Giles na Ciekawy wote wako humo. Na mtu mwenye fedha za kununua kitabu kimoja tu anunue "Contesting Identities", mkusanyo uliohaririwa na Rebecca Gearhart na Linda Giles, uliotoka miaka ya 2010, kwa kuwa unamkutanisha na waandishi wengi wa eneo hili mara moja.

Bado pengo kubwa ni la maandishi kwa Chidigo na Chiduruma vyenyewe. Ireland, kati ya 1937 na 1939, iliwapa kazi watoto wa shule za msingi zipatazo 5,000: nendeni kwa babu na bibi, waulizeni habari za visima, mizimu, dawa, tarehe na mazishi, mziandike. Watoto zaidi ya 50,000 walifanya hivyo, na daftari zao sasa zinasomwa mtandaoni, kijiji kwa kijiji. Kazi hiyo haikuhitaji wanaanthropolojia. Ilihitaji walimu, madaftari na serikali iliyoamua. Kwale ina shule, ina watoto wanaoelewa lugha za bibi zao, na ina kamusi ya kuwasaidia kuziandika. Mtaala wa sasa unatoa nafasi kwa lugha ya mazingira katika madarasa ya chini, ingawa Ukunda na Diani, kwenye mchanganyiko wa watu kutoka kila pembe ya Kenya, Kiswahili ndicho kinachoshinda.

Tofauti moja ni ya lazima. Mtoto wa Ireland hakuhatarisha roho ya bibi yake kwa kuandika kuwa anajua dawa, na kisima cha kijiji hakikuwa kwenye kiwanja cha ufuoni kinachomezewa mate na wenye hoteli. Sheria ya Kenya ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi inaitambua jamii kuwa mwenye maarifa hayo na inazipa kaunti jukumu la kuweka rejista yake. Kwa hiyo mkusanyo wowote Kwale ungeanza kwa wazee kukaa na kuamua lipi liandikwe kwa watoto wote, lipi liandikwe na kufungiwa, na lipi lisiandikwe kabisa.